Kioo cha Nyuma ya Kamera

Chuo Kikuu Mzumbe,
Morogoro.
Novemba, 2004

Mpendwa Kaka Kasimiri,

Shikamoo. Natumaini salamu hizi zinakukuta na afya njema, kile kikohozi kimekuacha, na joto la Kariakoo halijakufanya uutamani ubaridi wetu kupita kiasi. Mimi mwili wangu hauna neno. Utulivu ndio umenikimbia: chakula cha kantini nakitazama kama mtahiniwa anavyotazama swali ambalo hakulisoma, na hata sentensi hizi nimeziandika nikiinuka na kukaa. Habari za nyumbani nitazifikia kwa zamu yake. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujamjibu mtu yeyote jambo lolote, hata kama duka lenu la picha limejaa wateja. Ningekupigia simu, lakini simu ya dukani hupokelewa na tajiri wako, na yeye akishaishika mtaa mzima unasikia.

Nianze na kazi uliyonituma. Uliponikabidhi kamera mpya na kuichukua ile ya kwanza, ulisema kwamba kijitabu cha maelekezo huandikwa na mtu ambaye hajawahi kunyeshewa. Ukaniomba niitumie huku mlimani, kwenye ukungu na vumbi letu, nikueleze kama mpiga picha wa mkoani, aliyezoea filamu maisha yake yote, ataiweza, ili ujue umshauri vipi tajiri kuhusu kuagiza nyingine.

Kaka, ataiweza. Ile ya kwanza ilikuwa ofisi ya umma ya zama za mashirika: unaiamsha, inajinyoosha, inapiga miayo, na ikiwa tayari mbuzi uliyetaka kumpiga picha keshafika kwao. Ukipiga picha tatu mfululizo inafunga dirisha mpaka imalize kuhifadhi zilizotangulia. Ukitaka kuirekebisha iendane na mwanga hafifu unaingia kwenye menyu, ndani ya menyu unakuta menyu nyingine, kama mwananchi anayetafuta mhuri kutoka chumba hadi chumba. Hii mpya inakuwa macho kabla kidole hakijatoka kwenye swichi. Mambo ya kila dakika wameyatoa kwenye menyu na kuyaweka nje, kwenye magurudumu mawili madogo, moja la kidole gumba na jingine la kidole cha shahada, kwa hiyo narekebisha mwanga bila kuondoa jicho kwa ninayempiga. Mshikio wake umechongwa hata mkono wangu mdogo unaukamata. Kitufe cha kufuta, ambacho kwenye ile kilikaa jirani na kitufe cha kutazama picha kikanimezea nusu ya mahafali ya mwaka jana, sasa wamekihamisha. Na hata ukikibonyeza, kamera inakuuliza kwanza kama umekusudia.

Na kioo cha nyuma! Cha zamani kilikuwa kama stempu, na jua likiwaka kilikuonyesha pua yako tu. Hiki ni kipana, kinasomeka mchana, na kina kitufe cha kukuza: unausogelea uso mmoja katikati ya nyuso kumi mpaka unaona kope. Frank, mwenyekiti wa kamati yetu ya wanafunzi, alipokitazama alitania kwamba kumbe soko huria nalo lina siku zake nzuri. Nikamjibu mbele ya wenzetu kwamba soko huria limetupa kioo ili tujitazame tunavyouzwa. Walinipigia makofi. Nakutajia makofi hayo ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani siku chache tu zilizopita.

Sasa nije kwenye yaliyonikosesha raha. Unayakumbuka mashamba ya mboga yaliyo juu ya Bigwa, kando ya kijito. Mwaka huu imekuja kampuni inayotaka kufungasha maji ya kijito kile kwenye chupa, na inataka kingo zote mbili zibaki wazi. Watu wa kampuni wakaita mkutano wa wenye mashamba, wakawaalika waume. Waume wakaenda, wakanywa soda, wakakubali. Huhitaji nikueleze kicheko kilichopanda mlima ule! Ardhi ile ni ya lukolo, ni ya ukoo wa upande wa mama, na mume amekuja pale na panga lake na mkeka wake. Mosi, yule mama anayelima nyanya karibu na daraja la miti, alisema wageni hawa ni kama mtu aliyetaka kununua nyumba akapatana na mpangaji. Lakini kicheko kilikatika bikoni za zege, nguzo za wapima ardhi, zilipochimbiwa katikati ya matuta ya karoti.

Kamati yetu ilikaa. Nilihutubia, Kaka, na nilihutubia vizuri. Nilisema kwamba taifa linalouza mto wake na kununua kopo la maji yake mwenyewe limekwisha kujisahau; kwamba taarifa za maandishi hukaliwa na wakubwa kama mito ya viti; kwamba kinachohitajika ni uso, uso wa mwananchi anayesema hapana, mkubwa kama mlango, uning'inie mbele ya maandamano yetu mjini. Tukakubaliana. Furaha, binti yake Mosi, anayetuuzia ndizi hapa getini, akatudokeza kwamba akina mama wamepanga kuzing'oa bikoni asubuhi ya Jumanne.

Tulipanda, mimi na Frank. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni na wanawake wamejitanda khanga kuanzia paji la uso hadi kidevuni kwa baridi, huwezi kumtambua mtu kwa mbali. Nilipiga magoti ng'ambo ya kijito na lenzi ndefu. Jembe la kwanza lilipopiga zege nilianza, na kamera haikunisubirisha hata mara moja. Kila nilipobonyeza iliitikia. Mmoja wao aliing'oa bikoni nzima, akainyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili, udongo ukimwagika mabegani mwake, na wenzake nyuma yake midomo wazi. Nilijua hapohapo kwamba ndiyo yenyewe. Kwa ile kamera ya zamani ningepata migongo ya watu wakirudi nyumbani.

Mosi ndiye aliyetuona. Akavuka maji na wenzake watano sita nyuma yake, akataka kuona nilichochukua. Zamani, Kaka, mpiga picha alikuwa na pa kukimbilia: picha haijasafishwa, mje wiki ijayo. Na kile kioo cha stempu nacho kilikuwa kinga yangu. Sasa sikuwa na pa kujificha. Nikawageuzia kioo. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu, wanasukumana, wanataniana. Mmoja akamwambia Mosi kwamba mdomo wake umeachama kama anaita kuku. Mosi akamjibu aangalie kwanza hiyo miguu yake, kama mihogo ya mwaka wa njaa. Kisha Mosi akaniomba niukuze uso wake. Nikaukuza. Lilionekana hata kovu la shavuni. Kicheko kikaisha. Akasema, taratibu kabisa, kwamba kung'oa bikoni ni kesi, na kwamba mimi nimemtengenezea shahidi. Akaniambia nifute.

Nikamhutubia, Kaka! Katika tope, mbele ya wanawake wenye umri wa kunizaa, nilizungumzia historia. Nilisema uso huu si wake tena, ni wa umma. Kwamba anayejificha amekwisha kushindwa. Mosi alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, binti, wewe ukikamatwa chuo kizima kitakuja kukutoa. Mimi atanitoa nani, hizi nyanya? Nikashikilia msimamo wangu. Nikasema sifuti. Hawakuninyang'anya. Mosi alisema tu niende nayo, ila nijue nimewachukua wao na kuwaacha wenyewe palepale.

Frank akanakili picha kwenye CD katika maabara ya kompyuta, akapanda basi, akakuletea dukani ile uliyokwisha kupokea, uichapishe kubwa kama mlango. Amekuambia ataifuata Ijumaa. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kabla ya jua la Jumatano kutua askari walikuwa Bigwa wanauliza majina. Hawana jina hata moja. Majina yote wanayoyatafuta, Kaka, yamo kwenye droo yako.

Na hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Mchana ule wa Jumatano nilikaa kwenye ngazi za bweni nikichagua picha ya gazeti letu la ukutani. Nikaifikia ile ya bikoni juu ya kichwa. Nikabonyeza kitufe cha kukuza, nikitaka tu kuona kama macho yametulia vizuri kwenye lenzi. Nikakuza tena. Ni Mama.

Mama yetu, ambaye Jumatatu aliniambia Jumanne atashinda kwenye Jumuiya kusali rozari! Shamba letu halikuguswa. Hakuna bikoni iliyochimbiwa kwetu. Hakuwa na sababu ya kuwepo pale zaidi ya lukolo. Mara mia nimekuwa nikimweleza mapambano ni nini, na yeye anakuna nazi akiitikia ndiyo mwanangu.

Nilimpigia Frank nikamwambia zoezi lisimame. Akauliza kisa. Nikamwambia. Akasema kwamba alipokuwa mama wa Furaha uso ulikuwa wa umma. Amekuwa Mama Kasimiri, uso umerudi nyumbani. Nimebishana na wahadhiri, nimebishana na mkuu wa wilaya aliyetembelea chuo, sijawahi kukosa neno. Siku ile nilikata simu. Alikuwa amesema kweli, na naiandika kwa mkono wangu ili isinitoroke: nisingemwona Mama, picha ile ingekuwa mitaani na mimi ningekuwa mbele yake, nimeshika kipaza sauti.

Nikaenda nyumbani Bigwa. Mama hakukana. Alisema aliniona tangu nilipopiga magoti, akafikiri, mtoto yuko kazini, yeye asimame vizuri asije akamharibia. Walipovuka kijito kuja kwangu yeye akapanda juu makusudi, kwa sababu angefika ningemwamkia, na Frank angejua ni mama yangu. Nilipomuuliza kwa nini Mosi hakunitajia, akanipeleka kwa Mosi nimuulize mwenyewe. Mosi alikuwa anafunga matenga. Hakuinua kichwa. Alisema alitaka kuona kama nitafuta kwa ajili yake yeye.

Jioni ile wanawake walikutana nyumbani kwa Mosi, nami nikaitwa. Niliwaeleza kila kitu, na CD iko wapi. Nilidhani wataamua kwa dakika moja. Wapi! Furaha alisema picha ichapishwe, wamechoka kuongelewa kama wapangaji kwenye ardhi ya bibi zao, na aliyekwisha kujulikana hatishwi tena. Mosi akasema anayejulikana hutishwa mara mbili, na yeye ana watoto. Mwingine akashauri zichapishwe mikono na bikoni tu, nyuso zikatwe. Akajibiwa kwamba mwili usio na kichwa ni wa marehemu. Wakageukia kamera wapige kura kwa kutazama, nami nikawageuzia kioo tena. Lakini kioo hiki, pamoja na ukubwa wake wote, hakitoshi macho kumi na kitu kwa pamoja. Na walitaka kuiona kwa ukubwa wa mlango, kama watakavyoiona askari na majirani. Wakakubaliana kwamba mmoja wao aende akaione kwa ukubwa huo, na atakalosema baada ya kuiona wote watalichukua kuwa lao.

Wamemchagua aliye mbele kabisa kwenye picha. Ndiyo sababu umemwona Mama mlangoni bila taarifa, na barua hii mkononi. Nilimwomba asikwambie lolote mpaka umalize kusoma, naye, kama ninavyomjua, amekuambia tu kwamba amekuja kukuona mwanawe. Hajala tangu stendi ya Msamvu. Mpe kwanza chai.

Kisha iweke CD kwenye ile kompyuta yenye kioo kikubwa, mvutie kiti, na umwonyeshe. Zote, si ile moja. Mfundishe kukuza mwenyewe. Kitufe si kigumu, nimekwisha kukuandikia. Akitaka kukaa saa nzima, akae. Akisema chapisha, chapisha kubwa kama tulivyoagiza. Akisema vunja, ivunje mbele ya macho yake, na Frank akija Ijumaa umwambie hakuna kitu, mimi nitakutana naye. Kwenye kamera picha zote bado zipo, nimezifungia zisifutike kwa bahati mbaya, zinasubiri neno hilohilo.

Sikuja naye, Kaka, ingawa alinisihi. Nikija nitahutubia. Nitaanza na sentensi moja ya upole, kabla ya basi kufika Chalinze nitakuwa nimekwisha kumshawishi, na hata sijui ningemshawishi upande upi. Akikuuliza dada yako anataka nini, mwambie barua haikusema.

Kuhusu kamera, mshauri tajiri aagize. Ila wanaozinunua waambiwe mapema kwamba aliyepigwa atataka kuona, na ana haki.

Msalimie shemeji na umbusu mtoto. Furaha anakusalimu, na Mosi amekuletea nyanya, zimo kwenye kikapu cha Mama, chini ya vitenge. Zitoe haraka zisije zikasagika. Mungu akulinde huko uliko, nasi atutazame huku.

Ni mimi mdogo wako, nikiwa sijakaa bado,

Paskalia