Mulumba, Tumenunua Ampli Nyingine

Mulumba, ndugu yangu,

Wiki iliyopita nilikuja kukuibia. Nilifika makaburini asubuhi, jua likiwa tayari kali, na bisibisi mfukoni, nikajifanya nimekuja kung'oa majani. Ampli yako ya gitaa bado iko pale upande wa kichwa, mahali ilipowekwa siku ya maziko, pamoja na lile tundu alilolitoboa mjomba wako kwa nondo. Nilidhani nitafungua mgongo wake, nichukue chochote kilichobaki kizima, nikakitengeneze. Mvua imekula kila kitu. Kitambaa cha mbele kimeoza, karatasi ya spika imelowa ikawa uji, na mchwa wamejenga ndani. Nilikaa chini nikakutukana. Ulisikia? Nilikuita mbinafsi. Nilisema umekwenda na sauti yote.

Unajua mimi si mtu wa kunyamaza. Siku ile niligombana na ukoo wako mzima mbele ya jeneza. Nilisema: toboeni sahani na vikombe vyake, ni desturi, mwizi asije akavitamani, lakini ampli ni chombo cha kazi, kuna watu wanakula kwa hiyo. Mjomba wako akanitazama kama mtoto aliyekojoa kanisani. "Weye njo unasomaka bitabu," akasema, "lakini sauti ya muntu inafwataka mwenyewe. Guitare ni muti tu. Mubakie na muti." Wakatuachia gitaa, wakatoboa ampli. Kwa akili yao, sauti yako ilikuwa inakaa ndani ya lile sanduku. Nilicheka kwa hasira. Sasa sicheki. Gitaa lako bila ampli limekuwa mti kweli. Ukilipiga sebuleni, linalia kama mbu.

Tangu ufe sijaandika mstari hata mmoja. Mimi! Niliyeandika dhidi ya wakubwa wa mji, dhidi ya wachungaji wenye spika kubwa kuliko imani yao, dhidi ya walimu wenzangu wanaouza alama. Maneno yalikuwa yangu, lakini ni wewe uliyewafanya watu wa mtaa wetu wa Panda wayaimbe wakitoka kazini. Hatukurekodi kitu. Tulijivuna kwamba nyimbo zetu zinakaa vinywani mwa watu. Watu wanasahau, Mulumba. Juzi nilimsikia mwanamke akiimba ule wetu wa mabomba yasiyotoa maji, na ubeti wa pili ameugeuza kuwa wa mapenzi. Nikamfuata barabarani nikamsahihisha. Akaniita kichaa. Ana haki.

Anayevikumbuka vidole vyako ni mmoja tu, binti yako Ngalula. Miaka yote ile tulipodhani anafagia, alikuwa anatazama mkono wako wa kushoto. Jumamosi hii tunamaliza kilio chako, na mjomba wako ameshatangaza: Ngalula akipata ampli, atapiga, asipopata, ataletwa DJ, na tutacheza nyimbo za watu wa Kinshasa juu ya machozi yetu. Watu wote waliokujua watakuwa pale kwa mara ya mwisho. Nyimbo zetu zisiposikika siku hiyo, zimekwisha. Wenzetu wa kundi wakachanga walichoweza, na ni kidogo. Nikamchukua Ngalula tukaenda sokoni kwa Mzee Ramazani, yule aliyekuwa anakuuzia nyuzi.

Ramazani akatutolea kwanza dubwana moja jipya lenye taa zinazowaka rangi zote. "Professeur, hii ikilia, Shituru yote inasikia!" Nikamwambia watt zilizoandikwa kwenye katoni ni ndugu wa ahadi za uchaguzi. Nikaliinua kwa mkono mmoja. Jepesi kama kikapu kitupu! Ampli ya kweli inakuvunja kiuno, wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo ulipokuwa unanibebesha yako. Nikamuuliza transfoma iko wapi, sumaku iko wapi, au wametufungia upepo na taa? Ramazani akaweka mikono kiunoni. "Weye unakuya kununua ampli ao kubishana na kartoni?" Wateja wakaangua kicheko. Ngalula naye akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kama wewe, mabega kwanza.

Halafu mzee akavuta kitu kutoka chini ya meza. Kizee, cha kijivu, pembe zimechubuka. Ilikuwa ampli ya lampe, vile vitaa vya kioo vinavyotaka kupata moto kabla havijasema neno. Mwenye nayo alikuwa mpiga gitaa wa zamani, watoto wake wameiuza. Bei yake ilitosha, kwa shida. Ngalula akachomeka gitaa, tukasubiri vitaa viwe vyekundu, akapiga mwanzo wa wimbo wa mabomba.

Ndugu yangu, ulikuwa wewe. Ile sauti nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kama mtu aliyetoka kulala na hataki kugombana. Muuza viatu wa jirani akaacha kuita wateja. Nilishika ukingo wa meza. Nikasema moyoni: amerudi, mjomba hakuweza, nondo haikuweza. Nikatoa pesa zote bila hata kuomba apunguze. Mimi, ambaye hubishana na bei ya nyanya!

Ndipo umeme ukakatika. Bwawa la umeme la Koni si mbali, nyaya tunaziona zikipita, lakini umeme hututembelea kama jamaa tajiri, muda mfupi na bila kuaga. Ngalula hakusimamisha mkono. Na ampli ya lampe, wewe unajua, haifi mara moja. Vile vitaa hupoa taratibu. Sauti ikapungua, ikawa nyembamba, ikarudi kidogo, ikapungua tena, na yeye bado anapiga. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wako kule hospitali. Ninajua kitu kinavyopungua namna ile.

Ngalula akachomoa waya, akaangaza rafuni, akashusha kiampli kidogo cha plastiki, chenye betri ndani, cha kuchaji kwa paneli ya jua. Spika yake haizidi sahani ya mtoto. Akapiga wimbo uleule. Sauti kavu, ya puani. Akipandisha sauti kupita nusu, inapasuka. Nikamwambia hapana. Nikamhubiria, Mulumba, kwa sauti yangu yote ya mikutano: kwamba hiki ni kitu cha kuchezea, kwamba tutatafuta jenereta ya kuazima, kwamba baba yake hawezi kukumbukwa kwa kelele za redio mbovu. Akasubiri nimalize. Ni mtoto aliyelelewa na mtu anayejua kusubiri.

"Papa Ilunga, ile ya lampe ni baba kabisa," akaniambia. "Njo maana siitake. Courant ikikatika katikati ya wimbo, baba anakufwa tena mbele ya mama. Mama atamuzika mara ngapi?"

Nimebishana na mawaziri redioni. Nikachukua kile kiampli nikakiweka mbele ya Ramazani.

Tumechukua ile ndogo, nikarudishiwa pesa iliyozidi. Ramazani akaniambia, "Leo nimekuona umenyamaza, Professeur, ni muujiza, ninakuongezea waya bure." Nikashindwa hata kumtukana. Nyumbani Ngalula ameiweka kwenye kona, mgongo ukutani, ili besi iongezeke kidogo, na anafanya mazoezi kila jioni baada ya kuosha vyombo. Mkeo anakaa mlangoni na kusikiliza. Halii. Mimi ndiye ninayetoka nje.

Maana nitakuambia ukweli wote: haifanani nawe hata kidogo. Nilidhani pesa kidogo na hasira nyingi vitatosha kukurudisha kwa siku moja. Ile ya kijivu bado iko chini ya meza ya Ramazani, na kila nikipita sokoni ninazunguka upande wa pili. Nikiamka ninajaribu kuikumbuka sauti yako kabla sijaondoa shuka, na kila siku inakuja na kipande pungufu. Siku moja nitabaki na maneno yangu tu. Unajua maneno yangu peke yake yanavyochosha watu.

Jumamosi nitasimama mbele yao. Nitaimba mstari wa kwanza, na mwili wangu wote utasubiri wewe uingie kwa kuchelewa kidogo, kama ulivyopenda. Hutaingia. Ataingia yeye, mapema mno, kwa sababu ana miaka kumi na tisa na anaogopa kimya. Ninakuahidi sitageuka kumkodolea macho. Nitaharakisha, nitaimba kwa mwendo wake, hata kama si wimbo tunaoujua mimi na wewe.

Pumzika sasa, Mulumba. Nisamehe kwa yale matusi ya kaburini, si yote lakini.

Ilunga