Mtoto wa Pongo Kwenye Nyasi

Mjukuu wangu Neema,

Mwakeye, hamjambo huko Mpanda? Sisi Busunzu tupo. Babu yako bado anakohoa, na habari za mahindi tuziache.

Umeuliza umfanye nini mtoto wa pongo, yule swala wa vichakani, uliyemkuta peke yake nyuma ya shule unayofundisha. Nikiwa msichana tulimkuta mmoja tukikata nyasi za kuezekea, amejilaza kimya. Dada yangu alitaka kumbeba. Mama akasema, “Mwacheni. Mama yake kamficha hapo, yuko jirani anakula.” Tukahamia ng’ambo ya bonde. Jioni mama yake akaja kweli, akamlamba, wakaondoka.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwezi uliopita nilimkuta mwingine pembeni mwa shamba letu, nikamwacha vilevile. Kila asubuhi nilimtazama kwa mbali. Hakuja mtu wake. Msitu wenyewe umekwisha, umekuwa mkaa na mashamba. Nilimzika kwa jembe la kupalilia.

Wewe usimguse. Kaa mbali, umwite afisa wanyamapori. Mama alitufundisha kungoja, Neema. Hakutuambia tungoje mpaka lini.

Ni mimi bibi yako.