Kofia kwenye Valvu

Shemeji yangu,

Huku hatujambo. Mtambo mkongwe unaopasha joto ofisi za serikali tumeukarabati, mabomba yanang'aa, nami nimepewa cheo cha kaka.

Umeuliza mumeo alikufaje. Kwetu, anayeingia kusafisha tangi hutundika kofia yake kwenye valvu ya mvuke, na hakuna kuigusa valvu mpaka atoke. Siku ile mkubwa mmoja wa serikali alipiga simu, akafoka kwamba anatetemeka kwa baridi ofisini. Kofia ya kaka niliiona. Nikasema, "Huyu naye kwa kusahau kofia!" Nikafungua mvuke.

Aligonga sana. Nikawaambia wenzangu ni mabomba mapya, yanazoea joto.

Saa yake nakutumia. Kofia nimebaki nayo. Inanikaa kama nilipimiwa.

Wasalimie wanangu.

Mdogo wa mumeo