Kifua cha Jumamosi

Jumamosi, 7 Novemba 1953

Kifua kimefunga tena. Asubuhi nilitoka nyumbani mzima kabisa, nikatembea mpaka kwenye kinu cha pamba huku naimba. Saa nane mchana — kama mtu mnene amenikalia. Wenzangu vilevile. Chumba cha mashine kizima kinakohoa, pamba inaruka, mtu hamjui mwenzake mpaka aongee. Ijumaa tunapumzika na kuswali, Jumamosi tunakohoa. Ndiyo ratiba yetu.

Hassanali mwenye kinu anasema ni pilau. Eti tunakula Ijumaa nzima, tunalala, tunaamka na mafuta kifuani. Amesema haya huku ameshika tumbo lake, ambalo bila shaka limejengwa kwa maji matupu.

Jioni nikajaribu kusoma mlango wangu wa Maulidi. Mwalimu Abdala amenipa ule wa kiyamu, pale watu wote wanaposimama. Amenipa kwa ajili ya pumzi yangu, si kwa ucha Mungu wangu, na wote wawili tunalijua hilo. Leo pumzi imekatika mara nne. Zamu ya mtaa wetu ni tarehe 28, baada ya laasiri. Jumamosi! Wiki ina siku saba, wakaichagua hiyo. Bwanausi ameshaanza kumbebea Mwalimu mwavuli. Huyo ni mnadi wa samaki, kazi yake ni kupiga kelele ufukweni kwenye upepo safi. Nikishindwa atasoma yeye, na mimi sitapita tena sokoni maisha yangu yote.

Jumatatu, 9 Novemba

Afadhali. Pumzi imekatika mara moja tu. Biubwa anasema aliyekatika ni yeye, kwa kusikia kitu kimoja kila jioni. Mke wangu hana adabu na ndiyo maana nilimwoa.

Alhamisi, 12 Novemba

Kifua wazi! Nimesoma mlango mzima nikiwa kwenye mashine, pumzi haikukatika hata mara moja. Hakuna aliyenisikia ila Mungu, na kwa mngurumo ule huenda naye amekosa maneno mawili matatu. Astaghfirullahi.

Lakini nimegundua jambo. Jumamosi hoi, Jumapili afadhali, kufika Alhamisi mzima. Basi kazi ndiyo inayotibu, na mapumziko ndiyo yanayoumiza. Kifua kimezoea vumbi kama mzee alivyozoea tumbaku, ukimnyima siku moja ananuna. Sijasomea udaktari, lakini hili hata kuku angeliona.

Nimemweleza Majaliwa, mkubwa wetu pale chumbani, mwenye misimu kumi na minne. Alifikiri sana. Kisha akasema, "Ndiyo maana, mwanangu. Mimi siku hizi hata Jumapili kinafunga, hata Jumatatu. Kumbe napumzika mno."

Ijumaa, 13 Novemba

Nimemwomba Hassanali ufunguo, mimi na Majaliwa tukafagie chumba cha mashine. Bure. Siku ya mapumziko. Akanikagua macho kwanza kama nimekunywa tembo. Kisha akatoa ufunguo upesi, nisije nikabadili mawazo.

Tumefagia mpaka karibu na adhana. Hatukunyunyiza maji, makusudi, ili dawa isipotee. Nikaenda kuswali mweupe kama mwuza unga, na bwana aliyesimama kando yangu akapiga chafya rakaa zote mbili. Biubwa anasema sasa amejua mke mwenzake ni nani, na kwamba angalau mke mwenza wa kweli angesaidia kuchota maji.

Jumamosi, 14 Novemba

Wazi! Jumamosi, saa nane mchana, na kifua wazi kama barabara ya Mapinga. Wengine wote wanakohoa, mimi na Majaliwa tunatazamana kama wezi. Mwishowe nikawaambia siri. Watu sita wanataka kufagia Ijumaa ijayo. Hassanali amesema mbele ya wote kwamba mimi ni mfano wa kuigwa. Nimetembea kwa maringo mpaka nyumbani. Nilistahili.

Alhamisi, 19 Novemba

Nakohoa alfajiri. Si sana. Makohozi ya kijivu. Biubwa ameyaona kabla sijayafukia kwa mguu.

Jumamosi, 21 Novemba

Jana tulifagia watu wanane. Leo Majaliwa ameshindwa kusukuma robota la pamba. Robota ambalo mimi nalisukuma kwa goti. Akalikalia, mdomo wazi, midomo imeiva kama aliyekula zambarau. Nikamwambia twende hospitali. Akakataa kwa mkono, maana sauti haikutoka. Ilipotoka alisema, "Jana tulikuwa wengi. Vumbi halikututosha."

Watu wakacheka. Mimi pia nilianza kucheka, halafu nikaacha.

Jumatatu, 23 Novemba

Biubwa amenipeleka hospitali. Nasema amenipeleka, kwa maana alinishika mkono njia nzima kama mtoto anayekwenda kutahiriwa.

Dresa, msaidizi wa daktari, ni kijana wa Kibondei, mwembamba, mpole. Akaniwekea mpira wake wa kusikilizia kifuani, akasikiliza mbele na nyuma. Nikamweleza habari ya Jumamosi, nikamweleza na dawa yangu. Sikuona haya hata kidogo, nilitegemea asifu.

Akauliza: Ijumaa yenyewe, unapokuwa nyumbani, kifua kikoje? Kizima. Jumamosi asubuhi? Kizima. Kinafunga saa ngapi? Saa nane. Kinafunga nikishaingia getini na kulivuta vumbi.

Akasema alikwisha kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga. Wanaopiga katani brashi, vumbi likiruka, wana ugonjwa huu huu, ila wao huugua Jumatatu, kwa sababu wao hupumzika Jumapili. Nikasema labda ugonjwa nao una dini. Hakucheka. Kifua kikipumzika hupata nguvu ya kulikataa vumbi, akasema, ndiyo maana kinafunga siku ya kwanza. Siku zinazofuata hakijapona, kimechoka tu kukataa, na vumbi linaingia. Kwanza mtu huugua siku moja ya wiki, kisha mbili, kisha zote. Akaniuliza kama nimewahi kumwona wa namna hiyo.

Changu bado kitarudi nikitoka mapema. Cha mwenye misimu kumi na minne, hajui. Akaandika barua nipumzishwe. Njia ya kurudi Biubwa alinishika mkono tena, na safari hii mimi ndiye niliyeng'ang'ania.

Jumatano, 25 Novemba

Hassanali ameisoma barua, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Wewe si ndiye uliyeniletea watu wa Ijumaa?" Marobota yanapakiwa Jumatatu. Nisipofika Jumamosi, nisifike tena.

Nikawaeleza wenzangu. Nilipowaambia uwongo walinisikiliza kama hotuba ya Ijumaa. Leo nimewaambia kweli, wakasema nataka dawa iwe yangu peke yangu. Nikamfuata Majaliwa pembeni, nikamsihi. Ananipenda, mzee yule. Akanipigapiga bega akasema ni woga wa Maulidi tu, kila msomaji huupata.

Naona haya. Nimekwisha kuwa mjinga mara nyingi, lakini aliyeumia siku zote ni mimi peke yangu. Ujinga huu nimempa mtu mwingine.

Ijumaa, 27 Novemba

Nimekaa nyumbani. Kikohozi kimepungua. Nimeona watu kumi na mmoja wakipita na mafagio. Majaliwa wa mwisho, anasimama kila baada ya nyumba mbili, anajifanya anasalimia.

Jumamosi, 28 Novemba

Sikwenda. Kengele ya kinu imelia nami nimelala chali, nikitazama makuti ya paa. Basi, kazi imekwisha. Biubwa kasema tutakula muhogo, na muhogo haukohozi mtu. Mchana nikasoma mlango wote mara mbili. Pumzi ipo.

Watu wamekwisha kutandika majamvi. Bwanausi kaja na kanzu mpya, masikini, na ubani wake mwenyewe.

Sasa hivi amekuja Majaliwa. Katoroka kazini, katembea kutoka kinuni jua lote hili. Kakaa barazani kitambo akitafuta pumzi ya kunisalimia. Nimempa shikamoo mimi, marahaba yake ikachelewa. Kisha akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akanitia mkononi. Vumbi la chini ya mashine, la leo.

"Siku mbili hukuligusa," akasema. "Kitakufungia katikati ya mlango, mwanangu, mbele ya Bwanausi. Vuta kidogo tu."

Nimesema naingia ndani kuchukua kofia. Naandika nimesimama. Biubwa yuko mlangoni, anakitazama kitambaa, kisha ananitazama mimi. Nje wameanza kuniita, Mwinyijuma, Mwinyijuma, Mwalimu amefika. Na huku kifua cha Majaliwa nakisikia kupitia ukutani, kinapiga mluzi. Hataondoka. Amesema atangoja aone kama vumbi limenifaa, kisha avute naye.

Ameuliza tena kama nimekwisha kuvuta.