Xavery Masolwa, Uliyeteremsha Mawe ya Watu

Mwaka umepita, Baba Advera, na sisi bado tunauliza lile lile tulilouliza siku ile: jiwe? Wewe, kati ya watu wote, uuawe na jiwe la juu ya bati?

Tulikuwa tumejiandaa kwa mengine. Kazi yako ilikuwa kusimamia miradi ya wafadhili kutoka nje, waliojenga upya nyumba za watu wa Choma baada ya kimbunga kung'oa mapaa ya karibu kijiji kizima. Kutwa ulikuwa juu ya nyumba za watu, na mimi mkeo kila simu ikilia nilijua umeanguka. Hukuanguka hata mara moja. Umefia chini, mlangoni mwa jiko la mama yako hapa Ipole, umeshika sufuria ya maharage.

Tunakukumbuka kwa ubishi wako. Nyumba haikukabidhiwa mpaka wewe uning'inie kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa mikono miwili, miguu hewani, na tumbo lako lile. "Kama hainiwezi mimi, upepo itauweza?" Mfadhili mmoja alipokuja kupiga picha, ulimwambia naye aning'inie kwanza. Akaning'inia, shati likachomoka, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Jioni ulitusimulia huku unafuta machozi.

Na tunakukumbuka kwa vita vyako na mawe. Huku kwetu bati likilegea, mtu hupandisha jiwe juu yake lisiruke, maisha yanaendelea. Wewe hukutaka hata kuliona. Bibi Leonia wa Choma alikabidhiwa nyumba mpya, kesho yake akapandisha jiwe lake la zamani. Ulimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba, ndipo ukaanza.

"Bibi, hilo la nini tena? Misumari ipo, waya upo."

"Mjukuu wangu, nimezoea kulala na jiwe juu."

"Upepo ukija utakuletea hilo jiwe hapo hapo kitandani."

Ukapanda mwenyewe ukaliteremsha, bibi akikufokea kutoka chini.

Sasa tuseme ukweli hata kama unauma. Bati la jiko la mama yako lililegea wakati wa Pasaka, na aliyeweka jiwe ni wewe mwenyewe. "La kushikiza tu," ulisema. "Nikimaliza za Choma nakuja na misumari." Za Choma hazikuisha. Kila ukikabidhi nyumba, ulikuta familia nyingine bado iko chini ya turubai, na mama akakuambia yeye atasubiri.

Novemba upepo ukatangulia mvua. Mama alikuwa ameshatoka nje. Ulirudi ndani ukicheka, kwenda kuokoa mboga.

"Mwanangu, acha sufuria!"

Bati likainuka, jiwe likashuka.

Hatukuamini. Wenzako wa kazini walipopigiwa simu waliuliza umeanguka kutoka nyumba ya nani. Mama yako hadi leo hali maharage. Na mimi nina hasira na wewe, Baba Advera, nasema wazi mbele ya watu. Ni hasira ya mtu aliyekupenda, na ulijua hivyo.

Wiki iliyopita watu wa Choma walikuja Ipole bila kuitwa, na lori, mafundi na mbao. Bibi Leonia alikaa mbele na dereva. Wameezeka upya jiko lote. Walipomaliza walisimama wakitazamana, hakuna aliyethubutu kulikabidhi. Ndipo Advera, binti yako, akavua viatu, akaruka, akaning'inia kwenye kenchi. Ikamhimili. Alikuwa analia na hataki kuachia.

"Basi, mwanangu, shuka," Bibi Leonia akamwambia. "Imekubali."

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii saa nne asubuhi, hapa nyumbani Ipole. Wanaokukumbuka ni mama yako Kabula, mkeo Apolinaria, binti yako Advera, mdogo wako Festo, na watu wa Choma wanaolala bila mawe juu yao. Maisha yetu yote hatutakusahau, Baba Advera.

Na wewe unayesoma hapa, kama kuna jiwe juu ya bati lako, literemshe leo. La kwetu nalo lilikuwa la kushikiza tu.