Wimbi Lisilotembea

Jumapili, 27 Julai 2025

— na masikio yake pia, jana nikiandika uzuri wake sikuyafikia. Jibril ana masikio madogo kama ya mtoto, na akicheka yanasogea. Mwanaume mzima, muuza vipuri vya pikipiki Nakivubo, anayebishana na wateja kutwa hadi sauti inakauka, halafu masikio yake yanacheza. Nimeolewa siku nane. Siku nane! Naamka kabla yake ili nimtazame tu.

Hajati Halimah, mama yake, anasema nitachoka kumtazama. Anasema kila mke wa nyumba hii alichoka. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

Sheria za nyumba ya Hajati niziandike nisisahau. Siku arobaini bibi arusi hatoki. Wanubi wenzake wengi siku hizi wameacha. Hajati hajaacha. Kila jioni ananifukiza: jiko la makaa chini, vipande vya mti wa harufu juu ya makaa, mimi kwenye kigoda, blanketi zito mpaka shingoni. Natoka jasho mpaka macho yanawasha. Lakini ngozi inakuwa kama shaba iliyosuguliwa, na Jibril anavuta pumzi shingoni kwangu kama mtu aliyekosa hewa. Kwa hiyo nakaa. Ningekaa hata saa sita.

Ruhusa ni moja tu: chuo. Kozi yangu ya hoteli na utalii, Nakasero, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, kisha nyumbani moja kwa moja. Jibril ndiye aliyeniombea. Alipiga magoti mbele ya mama yake kwa ajili yangu.

Mto sikuutaja. Hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 31 Julai

Wasichana wa darasani wanatazama hina ya mikono yangu kuliko ubao wa mwalimu. Wanaouma midomo ni wale wasio na mtu. Mungu anisamehe, nimependa.

Adong alinisubiri langoni. Amekonda. Tumekua pamoja kambi ya polisi Jinja, baba zetu wote askari, tukiongea Kiswahili cha kambi mpaka mama zetu wakakataa kutujibu. Ubao wetu wa kupandia wimbi tuliupata pamoja — mzungu mmoja aliuacha una ufa, Ongom kaka yake Adong akauziba — na wimbi tulijifunza pamoja.

Wanaojua bahari wanasema wimbi huja na kwenda. Letu halitembei. Nile inakimbia juu ya miamba, inajikunja mahali pamoja, na maji ya bwawa yakifunguliwa wimbi linasimama pale pale. Unaingia kutoka pembeni, unasimama juu ya ubao, mto mzima unapita chini ya miguu yako na wewe huendi popote. Bado naliota. Juzi nimelala kifuani kwa Jibril, nyayo zangu zinatafuta ubao kwenye shuka.

Habari yake ni hii. Watu wanaopeleka watalii mtoni wanataka mwongozaji msichana. Nafasi moja. Majaribio ni Jumamosi tarehe 16. Mimi siwezi, nimo ndani ya arobaini. Yeye anaweza, na karo yake chuoni imemshinda, hii ndiyo njia yake. Anataka Alhamisi mbili za mazoezi na mtu wa kamba. Sheria ya mto ule ni moja kwa wote: huingii kama juu ya mwamba wa chini hakuna mtu ameshika kamba ya kukutupia. Ukianguka una pumzi kumi hivi kabla maji hayajakufikisha kwenye mawe. Mimi natupa kamba kuliko wote. Si majivuno, muulize mtu yeyote.

Nikamuuliza kwa nini asimchukue Ongom. Yuko na lori Gulu.

"Nabila, kwani ndoa imekukata mikono?"

Nikacheka. Nikasema nitakuja.

Tatizo, Alhamisi ni siku ya kupimwa jikoni chuoni. Mwalimu Otema alishasema: anayekosa jikoni mara tatu anarudia mwaka. Mimi nimekosa mara moja, kwa ajili ya harusi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda.

Nilishuka boda mbele ya chuo, nikangoja igeuke kona, nikapanda gari la Jinja. Saa nne na nusu tulikuwa mtoni. Adong aliingia kwanza, nikashika kamba. Alianguka mara tatu, nikamtupia mara tatu, mara zote ikamfikia mkononi kama nimempa kikombe cha chai. Kisha tukabadilishana. Maji yalikuwa juu. Nilisimama — sijui ni muda gani. Niliimba. Nilikuwa namwimbia Jibril, kwa sauti yote, na mto unanguruma hakuna anayesikia. Nilitaka anione. Nilifikiri, akiniona hivi mara moja tu hatakula siku mbili kwa mapenzi.

Adong amekuwa hodari. Anageuza ubao kwa kisigino kama anafunga mlango. Nilimwambia nafasi ni yake. Alinishika uso kwa mikono miwili ya baridi, akasema, "Alhamisi ijayo mara moja tu, halafu sikusumbui tena maisha yangu."

Saa tisa na robo nilikuwa nyumbani. Hajati alikuwa kwa jirani. Nywele zilinuka mto, na ngozi haikuwa na moshi hata kidogo. Nikawasha makaa mwenyewe, nikajifukiza haraka haraka. Mungu ni mwema.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikujua. Kwetu kambini hakuna aliyenifundisha mambo haya.

Hajati alingoja mpaka Jibril alipotoka msikitini na kuketi kula. Ndipo akaniita, akaninusa mkono kutoka kiganja mpaka kwapa, polepole, kama mtu anayenunua samaki.

"Nani alikufukiza jana?"

Nikasema mimi mwenyewe, nilitaka kumpunguzia kazi.

Akacheka mpaka akafuta machozi. Akamwambia mwanawe kwamba katika nyumba hii bibi arusi hajigusi na moshi, mkono ni wa mama mkwe. Anayejifukiza peke yake ni mjane anayetafuta, au mke aliyetoka kwa mwanaume mwingine na ana harufu ya kuficha. "Wewe ni yupi, mwanangu? Chagua. Yote mawili nitayaamini."

Ilibidi niseme. Mto, wimbi, ubao, Adong. Kadiri nilivyosema ndivyo Hajati alivyofurahi. Aliuliza nilivaa nini majini. Aliuliza wanaume wangapi walikuwa ukingoni. Akaniambia nisimame sakafuni nionyeshe nasimamaje juu ya huo ubao. Nikadhani Jibril atasema basi. Jibril alikuwa anatafuna. Nikasimama, nikakunja magoti, nikanyoosha mikono. Hajati akapiga makofi. Na Jibril akacheka. Masikio yakasogea.

Baadaye chumbani alikuwa mpole sana. Alinifuta uso kwa shati lake. Alisema, "Nimeoa mwanamke, sikuoa samaki." Alisema mama yake anataka hata chuo kiishe leo, lakini yeye atakilinda chuo changu kwa mwili wake, mimi nimpe neno moja tu. Chuo au mto. Nikisema mto, basi chuo nacho kimekwisha.

Nikampa neno. Alinibusu vidole vyote kumi, kimoja kimoja, akihesabu. Nani amewahi kupendwa hivi?

Jumatatu, 11 Agosti

Nilitoka nyumbani nimeamua kumwambia Adong. Nilikuwa na maneno tayari.

Alinikuta jikoni chuoni nikikata vitunguu. Ana kovu jipya kwenye goti, ananionyesha kama zawadi. Amewaambia wazazi wake habari za majaribio. Baba yake, ambaye hajawahi kumsifia hata siku moja, amesema tutaona.

"Alhamisi, saa nne, usichelewe."

Nikasema sawa.

Kwa nini? Nitaandika ukweli hapa maana hakuna wa kusoma. Sikutaka aone. Sikutaka Adong, ambaye ndiye aliyenisukuma wimbini mara ya kwanza, anitazame na kujua kwamba nilisimama sakafuni nikipigiwa makofi. Nataka abaki anadhani nimeolewa na mfalme. Na nimeolewa na mfalme! Nitamwambia kesho. Au Jumatano.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku nzuri kuliko zote tangu harusi.

Mwalimu Otema alitumaliza mapema. Kutoka nje, nani yuko langoni na pikipiki? Jibril. Amefunga duka saa tano asubuhi kwa ajili ya mke wake. Wenzangu walisimama foleni kumtazama, akawasalimia wote, mmoja mmoja, akiwaita dada. Tukashuka soko la Nakasero. Alinichagulia nanasi kwa kulinusa chini, akagombana na mama muuzaji kwa Kiluganda mpaka mama akampa la pili bure na kumwita mkwe wake. Tulikula tumesimama, maji yanashuka viwikoni. Alisema nikimaliza chuo tutafungua mgahawa wetu, jina litakuwa langu, limeandikwa kwa rangi nyekundu.

Simu ililia. Adong. Ikalia tena. Mara ya nne Jibril akauliza ni nani huyo anayekupenda kuliko mimi. Nikasema ni wa darasani, anataka maelezo ya somo. Nikaandika upesi, nimemgeuzia mgongo: Niko njiani, nimefika Mukono. Ili tu ikae kimya.

Ikakaa kimya.

Nilijua hataingia bila mtu wa kamba. Sheria ni sheria. Atangoja, atakasirika, atarudi nyumbani. Kesho nitampigia nimwombe msamaha vizuri, nitampelekea nanasi.

Ijumaa, 15 Agosti

Ongom amepiga simu asubuhi. Adong yuko hospitali ya Mulago. Wanaomuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili wanamlisha kwa kijiko.

Aliingia saa saba. Alianguka. Wavuvi walimtoa chini kabisa, baada ya mawe. Mgongo. Madaktari wanasema wanangoja picha, lakini Ongom amembana kidole cha mguu kwa ukucha na hakuhisi kitu.

"Alimwambia mama kwenye simu kwamba uko njiani," Ongom alisema. "Ulifika wapi?"

Nikasema gari liliharibika.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilikuwa limekaa mdomoni tayari.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo ndiyo yalikuwa majaribio.

Nilimwambia Jibril kwamba rafiki yangu wa utotoni amevunjika mgongo, nataka kwenda Mulago. Sikusema zaidi. Alisimama mara moja, akachukua funguo za pikipiki. Kweli alichukua. Hajati akasema kutoka jikoni kwamba bibi arusi ndani ya arobaini haingii hospitali wala msibani, anabeba maradhi kurudi nayo tumboni. Akija mjukuu kilema, asiulizwe yeye. Jibril akarudisha funguo msumarini.

Nilikwenda chumbani nikafunga mlango kwa kishindo ili wasikie nimekasirika.

Sikukasirika. Nilikaa kitandani na nilikuwa nashukuru. Namshukuru Hajati! Zimebaki siku kumi na mbili na hakuna anayeweza kunilazimisha kuutazama uso wa Adong.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefukizwa. Hajati anasema ngozi yangu sasa imekubali.

Jumatano, 20 Agosti

Adong amepiga mwenyewe. Nilikuwa naanika shuka uani. Nilidhani ni Ongom, ndiyo maana nilipokea.

Sauti yake ni ile ile. Hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza mume hajambo, Hajati hajambo. Akaniambia picha zimetoka: kuanzia kiunoni kwenda chini, daktari amemwambia ajifunze kutumia kiti cha magurudumu. Alisema hivyo kama mtu anayesema ratiba imebadilika.

Kisha akasema baba yake alikuja jana na sare zake. Hakuketi. Mbele ya wodi nzima akamwambia kwamba amejivunja mwenyewe kwa kiburi, ameingia majini bila mtu kama mlevi, na yeye baba hatamsukuma mtu aliyejitafutia. Mama yake tangu hapo analeta chakula, anakiweka, anaondoka. Wale wa watalii walimtuma mtu aandike maelezo. Wameandika hivyo hivyo: aliingia peke yake.

"Lakini mimi sikuingia peke yangu, Nabila. Nilikuona."

Nikauliza aliona nini.

"Nilikuona juu ya mwamba wa chini. Mwanamke, kanga imefungwa kichwani, amesimama pale unaposimama wewe. Nikapunga mkono, ukapunga. Ndiyo nikaingia."

Kuna wanawake wanafua pale. Siku zote wako. Adong anawajua, mimi nawajua. Wanapunga mkono kwa kila mtu.

"Ongom anasema gari lako liliharibika. Nikamwambia ni mwongo, au amesikia vibaya. Ulikuwa pale, ulitupa, mimi ndiye sikushika. Si ndiyo? Sikulaumu, mtu hukosa. Nataka tu uje umwambie baba kwamba nilifuata sheria. Neno lako tu. Atakuamini, wewe ni mke wa mtu sasa."

Shuka zilikuwa zinanipiga usoni kwa upepo. Nikisema nilikuwepo, mimi ndiye niliyetupa kamba ikamkosa mbele ya macho yangu, na Jibril atajua nilivunja neno nililompa. Nikisema sikuwepo, basi kuna ule ujumbe, nimefika Mukono, uko ndani ya simu yake. Na Adong aliingia kwa ajili ya mfuaji nguo.

"Nabila? Upo?"

Jibril akaita kutoka barazani kwamba chai inapoa, kipenzi chake yuko wapi. Sauti ile ninayoamka kabla yake ili niingoje.

"Nipo," nikamwambia Adong. "Arobaini zangu zinaisha tarehe 28. Bado sijaruhusiwa kutoka."

"Na ukija utawaambia?"

"Nitakuja, nitakaa na wewe siku nzima, nitakusuka nywele."

"Utawaambia, Nabila?"

"Nitakuja kabla mwezi haujaisha," nikasema. "Naahidi. Kabla mwezi haujaisha utaniona."