Chupa ya Gesi Aliyoleta Shemeji

Jumatatu, jioni. Wingu zito limeifunika Kisumu tangu adhuhuri na joto limekaba. Nguo hazikauki kwenye kamba, majirani wamenuna. Mimi pia nimenuna, ila yangu si ya hali ya hewa.

Gari limeondoka leo. Ken hataki tulizungumzie, na nikinyamaza nitapasuka. Kwa hiyo naandika.

Lilikuwa gari la marehemu baba mkwe. Gari dogo jeupe la Kijapani, la zamani, bodi haina kutu hata chembe, aina ambayo siku hizi vijana wanaitafuta kwa udi na uvumba. Mzee alikuwa na wake wawili. Tony ni mtoto wa kwanza wa mke mkubwa. Ken, mume wangu, ni kitinda mimba wa mke mdogo. Mzee alipougua, Ken ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali na kumrudisha hadi mwisho, na kabla ya kufa mzee akasema mbele ya watu wote kwamba gari libaki kwa Ken. Tony alicheka. Akasema gari zuri limepata kazi ya kubeba samaki.

Kuhusu samaki hakukosea. Mimi hununua ngege, wale samaki wa ziwani, pale ufuoni Dunga alfajiri na kuwapelekea wenye hoteli mjini samaki wakiwa bado kwenye barafu. Bila gari, biashara hakuna. Tony aliomba kulinunua mara nyingi. Ken alikataa kila mara, na kila alipokataa nilimpenda zaidi.

Kisha Pasaka, Tony akaja na zawadi.

Ilikuwa chupa ya bluu ya gesi ya naitrasi, pamoja na mabomba yake na swichi. Ukibonyeza swichi, gesi inaingia kwenye injini, petroli inaungua kwa nguvu kuliko kawaida, na gari linaruka kama ng'ombe aliyechomwa sindano. Tony ni mtu wa mambo hayo. Gari lake linajulikana mji mzima. Alifunga kila kitu kwa mikono yake mwenyewe hapa uani kwetu, huku akipiga mluzi.

Mimi sijui injini, lakini najua kuuliza.

"Shemeji, hii injini ni ile ile gari lililotoka nayo kiwandani. Itaweza?"

"Mama Daisy, wewe shughulika na samaki. Injini za zamani ni chuma."

"Na yako uliiwekea gesi hivi hivi tu?"

Alinitazama kidogo. "Yangu nilibadilisha pistoni kwanza. Mimi napenda kuzidisha. Hii ya Ken ni ya kujifurahisha tu."

Ken alikuwa kando yake ameshika spana, anatabasamu kama mtu aliyesamehewa. Tangu niolewe naye sijawahi kuona kaka yake akimgusa. Siku ile Tony alimwekea mkono begani na hakuutoa upesi.

Jana baada ya kanisa Tony akampigia Ken simu: njoo uwaonyeshe watu. Vijana wa magari hukutana Jumapili kwenye barabara moja iliyonyooka nje ya mji, upande wa ziwa. Nilimwacha binti yetu Daisy kwa jirani, nikaenda na Ken.

Mara ya kwanza Ken alikimbiza gari bila gesi. Watu wawili watatu wakapiga makofi. Mwingine akapiga kelele, "Hiyo ni gari ya omena!" yaani ya dagaa, na wote wakaangua kicheko. Ndipo Tony akainama dirishani. Nilikuwa nimesimama karibu, nilimsikia kwa masikio yangu akimwita "ndugu yangu" kwa Kijaluo.

"Omera, safari hii bonyeza na ushikilie mpaka mwisho. Usiogope. Usiachilie."

Ken akabonyeza.

Gari liliruka kweli. Nakiri kwamba nilipiga vigelegele. Nilimwona mume wangu akipita mbele ya wale waliomcheka na moyo wangu ukajaa. Halafu ukasikika mlio kama sufuria iliyojaa mawe imeangushwa kwenye sementi. Moshi ukatanda. Kipande cha chuma kilitoboa ubavu wa injini kikadondoka barabarani, na oili ikamwagika nyuma yake.

Watu walishangilia kuliko walivyoshangilia gari lolote lililoshinda.

Tony alikuwa amerekodi yote. Mkono wenye simu haukutikisika. Akaenda taratibu, akaokota kile chuma kwa kitambaa kikiwa bado cha moto, akakiweka mkononi mwa Ken.

"Shika. Ukamwonyeshe mzee kaburini."

Na Ken akacheka. Alicheka pamoja nao, kwa sauti kubwa, akigeuka huku na huku kuhakikisha kila mtu ameona kwamba anacheka. Injini ningeisahau. Kicheko kile sidhani.

Tulivutwa kwa kamba hadi nyumbani. Nikiwa jikoni nilimwambia, "Baba yako alijua kuchagua kila kitu isipokuwa mrithi." Aliinamisha kichwa. Niliona neno limempata pale pale nilipolilenga, nikaendelea kumenya vitunguu. Sijajuta mpaka sasa.

Leo alfajiri nikapeleka samaki kwa tuktuk. Dereva alizunguka kushusha abiria wengine kwanza, barafu ikayeyuka. Mwenye hoteli akafunua mashavu ya samaki mmoja, akanusa, akafunika.

"Mama, leo nimechukua kwa mwingine. Na kesho pia."

Niliporudi nyumbani nikamkuta Tony uani na gari la kuvuta. Alikuwa amekuja kununua. Kwa bei ya vyuma chakavu, na kwa uso wa mtu anayetoa msaada.

"Hili sasa ni sanduku tu," akasema. "Namwondolea ndugu yangu mzigo."

"Haliuzwi," nikasema. "Tutatafuta injini nyingine, hata kama ni polepole."

Alikuwa ameinama anafunga mnyororo. Akanijibu bila kuinua kichwa.

"Injini gani, shemeji? Za hivi hazipatikani ovyo. Mimi mwenyewe nilihangaika mpaka nikapata moja wakati wa Krismasi. Iko stoo inangoja bodi."

Inangoja bodi. Tangu Krismasi. Na chupa ilikuja Pasaka.

Nadhani alisikia mwenyewe alichosema, maana mikono yake ilisimama. Kisha akaendelea kufunga, bila haya yoyote. Nilimgeukia Ken. Nilingoja afanye kitu. Atukane, arushe jiwe, aseme tu "hapana." Alikuwa amesikia, nilimwona akisikia. Akatia mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha kaka yake.

"Asante, omera."

Tony akazirusha hewani na kuzidaka. "Kwanza nitoe hii harufu ya samaki," akasema, akaondoka na gari.

Tulipokuwa tunakula, Ken aliacha tonge mkononi.

"Mama Daisy. Unafikiri alikusudia?"

Nilijua anachoomba. Alitaka nimwambie hapana, ni bahati mbaya, ndugu ni ndugu. Lilikuwa neno dogo, na mwanamke mwingine angempa. Daisy alikuwa anatutazama.

"Alikusudia," nikasema. "Na wewe umejua, ukamwambia asante."

Alinawa mikono, akatoka. Sasa amekaa juu ya kreti uani, pale gari lilipokuwa likisimama, anatazama oili iliyobaki chini.

Kabla hapajapambazuka lazima niwe Dunga, nitafute tuktuk ambayo dereva wake atakubali kunipeleka moja kwa moja. Mlango sijautia komeo. Kumwita aingie ndani, hilo bado sijaamua.